Kitimoto ya Nyumbani
Shosti wangu wa Area C alikuwa ananililia: kila Jumamosi mumewe anapotelea baa kula kitimoto, kurudi ni saa 6 usiku. Nikamwambia, usigombane naye, mpikie. Ila siyo ile ya kukaanga, hiyo baa watakushinda!

Wiki moja kabla, kata nyembamba kabichi kilo 1, ifikiche na chumvi kijiko 1 kikubwa mpaka itoe maji, kisha ishindilie kwenye chupa ya kioo izame kabisa. Kila siku legeza kifuniko gesi itoke. Kwa joto la Dodoma, siku ya 5 onja, itakuwa imeshachachuka. Wajerumani wanaiita Sauerkraut.

Siku yenyewe kaanga nyama na kitunguu, mwagia kabichi, funika, mkaa mdogo kwa masaa 3. Chumvi usiongeze. Na hakikisha imeiva hadi ndani, tegu hawana utani.

Shosti aliipika juzi na ugali wa uwele, akatuma meseji. Saa 2 mzee kafika. Kasheshe sasa: Jumamosi ijayo anakuja na wenzake wa baa, wanne!