Damu iko chini? Huenda madini chuma yapo, mwili umeyafungia

Unaenda zahanati, unapimwa, unaambiwa damu iko chini. Kinachofuata wengi tunakijua: duka la dawa, "naomba ya kuongeza damu." Kwa mtoto mdogo, hivyohivyo.

Shida ni kwamba kupungukiwa damu na kupungukiwa madini chuma si kitu kimoja. Na mmoja wa waliotusaidia kulielewa hilo ni daktari wa mapafu ambaye wala hakuwa anatafuta habari za damu.

Alitafuta hiki, akakuta kile

Tomas Ganz wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), kwa miaka mingi alichunguza protini ndogondogo ambazo mwili hutumia kuua bakteria. Mwaka 2001 maabara yake ilitangaza moja iliyopatikana kwenye mkojo wa binadamu. Inatengenezwa kwenye ini, wakaiita hepsidini. Watafiti wa Ujerumani walikuwa wameiona kwenye damu mwaka mmoja kabla.

Mwaka huohuo wa 2001, timu ya Sophie Vaulont huko Ufaransa ilikuta kwamba panya wasio na hepsidini wanajaa madini chuma mwilini. Kumbe hii ni homoni inayoyasimamia!

Mwaka 2004, Ganz na mwenzake Elizabeta Nemeth wakaonyesha inavyofanya kazi. Seli zina mlango wa kutolea madini chuma kwenda kwenye damu. Hepsidini ikifika, mlango unavunjwa. Unayokula yanaishia utumboni, na yaliyo kwenye akiba ya mwili hayatoki.

Kwa nini mwili ujinyime? Kwa sababu vimelea navyo vinayahitaji. Ukiugua, hepsidini inapanda na ghala linafungwa ili adui asile. Ugonjwa ukikaa muda mrefu, damu yako inashuka huku madini chuma yapo tele ndani.

Somo la Pemba

Hili linatuhusu moja kwa moja. Kisiwani Pemba, Zanzibar, ulifanyika utafiti mkubwa uliowapa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35 madini chuma na foliki asidi. Agosti 2003, sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati.

Matokeo yalichapishwa 2006: watoto waliopewa walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa 12% ya kufariki au kupata tatizo la kulazwa hospitali. Pemba wakati ule malaria ilikuwa kali.

Lakini angalia hapa: kwenye kundi dogo lililopimwa kwa kina, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa madini chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Dawa ileile, mtoto tofauti, jibu tofauti.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaelekeza kwamba kwenye maeneo ya malaria, watoto wapewe madini chuma sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria.

Sindano imefika, kipimo je?

Juni 2025 huko Chicago yalitangazwa matokeo ya sindano ya rusfertide, inayoiga hepsidini. Ni ya wagonjwa ambao uboho wao unazalisha seli nyekundu kupita kiasi, mpaka wanatolewa damu mara kwa mara. Katika kipindi cha tathmini, 77% ya waliochomwa hawakufikia kiwango cha kuhitaji kutolewa damu, dhidi ya 33% kwa waliopewa sindano isiyo na dawa.

Ni hatua kubwa. Ila kwetu hitaji la kwanza ni kipimo. Mwaka 2014, utafiti uliohusisha watoto wa Gambia na Tanzania ulionyesha kuwa kupima hepsidini kunaweza kusaidia kutenganisha mtoto anayehitaji madini chuma na yule ambaye damu yake imeshushwa na maambukizi. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kipimo hicho bado si cha kawaida hospitalini, wakati WHO inakadiria kwamba karibu 40% ya watoto wa miezi 6 hadi 59 duniani wana upungufu wa damu. Hao ndio wengi, na hao ndio wanaosubiri.

Ufanye nini leo?

Mjamzito, usiache vidonge unavyopewa kliniki. Hivyo vina sababu yake.

Mtoto akiwa na homa, apimwe malaria kwanza kabla ya kununuliwa "ya kuongeza damu". Mwenye selimundu damu yake hupungua kwa sababu seli zinavunjika mapema, na akiongezewa damu mara nyingi madini chuma yanaweza kumjaa. Asipewe bila daktari kusema.

Ukiambiwa damu iko chini, usiishie kuuliza "nitumie nini?" Uliza: "Imeshuka kwa sababu gani?"