Redio ya taifa isingoje vita iishe

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mbingu juu ya Nyiragongo iligeuka nyekundu, na sisi wakaaji wa Mabanga tukatoka nje, tunaangaliana. Jirani mmoja alileta redio yake ndogo ya betri, akaiweka juu ya jiwe, akazungusha kitufe huku na huku. Muziki. Mahubiri. Muziki tena. Watu wakaanza kubeba magodoro, wengine kuelekea mpaka wa Gisenyi, wengine kuelekea Sake, bila yeyote kutuambia lava inashukia upande gani. Siku tano baadaye, Alhamisi tarehe 27, gavana wa kijeshi aliamuru kartie kumi zihame, Mabanga Nord na Mabanga Sud zikiwemo. Wengi wetu tuliipata amri hiyo kwa simu ya ndugu, ama kwa kelele za wamotari.

Tunaikumbusha siku ile kwa sababu maneno ya amani ni mengi sasa. Kutoka Doha na Washington tumesikia habari za uwanja wa ndege, za benki, za wafungwa, za wakimbizi kurudi kwao. Ni mara chache kusikia mtu akiuliza redio ya taifa itakuwaje. Wengine watasema: kwanza usalama na chakula, redio itakuja kiisha. Sisi tunaona hiyo ni kosa, na tuna mfano wa hapa hapa nyumbani.

Mwaka 2002 nchi ilikuwa imekatwa vipande. Kinshasa ilikuwa ya serikali, Gbadolite ya MLC, Goma makao makuu ya RCD. Hapa kwetu lava ya tarehe 17 Januari ilikuwa imefunika katikati ya mji, na watu walikuwa bado wanajenga vibanda vya mbao juu ya mawe. Tarehe 25 Februari, siku ile ile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, Radio Okapi ilianza kusikika. Iliundwa na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, na habari zake zilisomwa kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Makubaliano ya mwisho yalikuja Aprili 2003. Hawakungoja sahihi ndipo watafute antena. Mtu wa Goma alianza kusikia mtu wa Kinshasa anasema nini wakati mabwana wao walikuwa bado wanapigana.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Serge Maheshe aliuawa Bukavu Juni 2007, na Didace Namujimbo Novemba 2008, wote wawili waandishi wa redio hiyo.

Lakini Radio Okapi ni mtoto wa Umoja wa Mataifa. MONUSCO imekwisha kuondoka Kivu ya Kusini, tangu Juni 2024. Mgeni akifunga mizigo, hatuwezi kumwomba atuachie sauti yake milele. Kwa zaidi ya miaka 20 serikali ilikaa kimya ikiona wageni wanafanya kazi ambayo ni ya RTNC, na sisi wasikilizaji pia tulizoea.

Na RTNC yenyewe? Hapa Goma tangu 1998 redio ya serikali imekuwa chini ya RCD, kisha Kinshasa, kisha M23 kwa siku chache za Novemba 2012, kisha Kinshasa tena, na tangu Januari 2025 iko mikononi mwa AFC/M23. Msikilizaji hana haja ya kuuliza nani ametwaa mji: asikilize tu nani anasifiwa. Tuseme ukweli wote: hata katika miaka ya Kinshasa, safari ya waziri ilitangulia, na kilio cha Masisi kikafuata kama nafasi ilibaki. Na bado katiba ya 2006, kifungu cha 24, inasema vyombo vya habari vya serikali ni huduma ya watu wote, na mikondo yote ya siasa na ya jamii iwe na nafasi sawa ndani yake. Maneno mazuri. Yamelala kwenye karatasi.

Wanaoogopa kupanua redio ya namna hii wana sababu. Mtambo mkubwa mikononi mwa mtu mbaya ni hatari, na sisi tunaokaa karibu na Rwanda hatuhitaji kufundishwa RTLM ilifanya nini 1994. Kwa hiyo kwanza sheria na baraza la usimamizi lisiloteuliwa na mtu mmoja, tena mshahara unaolipwa kila mwezi. Mwandishi anayeishi kwa coupage atasoma habari ya yule aliyempa bahasha, hata umjengee studio ya dhahabu.

Kiisha mitambo, na hapa milima ndiyo inayoamua. FM inakwenda moja kwa moja kama macho. Kilima kikisimama mbele, sauti inaishia hapo. Antena ya Goma haiwezi kuingia kila bonde la Masisi, na Walikale ni mbali kabisa. Inaomba mitambo midogo ya kupokezana juu ya vilima, yenye umeme wa jua, maana SNEL haifiki huko. Inaomba pia studio ndogo Rutshuru, Masisi, Walikale, Lubero na Beni, zikisema Kiswahili cha watu wa huko. Redio za jamii ziko tayari katika vijiji vingi: zipewe mkataba wa kurusha habari za taifa saa fulani, zibaki na saa zao. Faida nyingine haisemwi sana: mtandao wenye studio nyingi ni vigumu kuukamata. Leo anayeingia mlango mmoja wa Goma amechukua yote.

Wajumbe wanaorudi kuzungumza waweke redio katika karatasi zao, pamoja na uwanja wa ndege na benki, na waseme nani atailinda na nani atailipa.

Jirani yetu wa Mabanga angali na redio ile. Asubuhi akiiwasha, sauti inayoingia vizuri kuliko zote inatoka Gisenyi.