Barua pepe ni maandishi tu, na iwe hivyo

Nianze na swali. Barua pepe zako zote tangu ufungue akaunti ya kwanza ziko wapi hasa? Wengi watanijibu, "kwenye mtandao." Sawa, lakini mwisho wa yote kuna diski mahali fulani, na kwenye diski kuna faili. Leo nataka kutetea faili ambazo watu huzidharau: faili za maandishi matupu.

Tuchukue mbox, muundo wa zamani wa Unix. Barua zote za folda moja hupangwa ndani ya faili moja, hii chini ya ile. Kila barua huanza na mstari wenye neno From na nafasi. Hufuata vichwa (mtumaji, mpokeaji, tarehe, mada), kisha mstari mtupu, kisha barua yenyewe. Basi! Ukiandika mstari unaoanza na From katikati ya barua yako, programu huweka alama ya > mbele yake isije ikadhani ni barua nyingine.

Udhaifu wake? Programu mbili zikiandika kwa pamoja bila kufungiana mlango, faili huharibika. Ndiyo maana Daniel J. Bernstein, aliyeandika qmail miaka ya 1990, alileta Maildir: kila barua na faili yake. Kuna folda tatu, tmp, new na cur. Barua huandikwa tmp. Ikikamilika huhamishiwa new. Programu yako ikishaiona huipeleka cur. Umeme ukipotea katikati, barua nusu hubaki tmp na zile nyingine hazidhuriki.

Na picha je? Nazo hugeuzwa herufi kwa base64: kila baiti 3 huwa herufi 4. Picha ya MB 3 huwa MB 4 na ushei. Hiyo ndiyo gharama, na mimi nailipa bila kinyongo.

Linganisha na PST ya Outlook. Hadi toleo la 2002 faili hiyo haikuweza kupita GB 2. Ikipita, huenda isifunguke tena. Maelezo kamili ya muundo wake Microsoft waliyachapisha mwaka 2010. Kabla ya hapo waandishi wa programu wengine walikuwa wakibahatisha tu.

Niliwahi kuletewa tarakilishi ya ofisi moja ndogo hapa Nairobi. Programu yao ya barua ilikuwa imeachwa na waliyoitengeneza, na muundo wa faili zake hakuna aliyeujua. Kotesheni, LPO na makubaliano na wateja vyote vilikuwa humo, na mteja mmoja alikuwa amekana deni. Ushahidi upo, haufunguki! Zingekuwa faili za maandishi, grep ingeutoa kwa sekunde chache.

Najua mtanibishia kwamba hifadhidata hutafuta haraka zaidi. Kweli. Lakini faharasa inaweza kukaa kando: Dovecot hufanya hivyo, na ukiifuta faharasa huijenga upya kutoka kwenye barua zenyewe. Wengine watasema mwizi wa laptopu atasoma kila kitu. Basi simba diski nzima kwa nywila. Kufuli ni kazi ya mlango, si ya karatasi.

Kwa maoni yangu, kipimo cha hifadhi nzuri ni hiki: je, itasomeka bila programu iliyoiandika? Barua iliyofuata kanuni za RFC 822 za mwaka 1982 bado inasomeka leo kwa kihariri chochote cha maandishi. Ni faili ngapi nyingine za umri huo unaweza kuzisemea hivyo?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unatumia Gmail, nenda Google Takeout uombe barua zako, utapewa mbox. Ziweke kwenye diski yako mwenyewe, na urudie kila mwaka. Akaunti inaweza kufungwa siku yoyote. Faili iliyo mkononi mwako ni yako.