NJE YA NYUMBA KABLA YA MASIKA



Wengi wetu tukisikia habari za usafi wa nyumba, twafikiri vyombo, vitanda na sakafu. Hayo ni mema. Lakini mvua haibishi hodi mlangoni. Huingia kwa tundu la paa, kwa ufa wa ukuta, na chini ya msingi. Kwa hiyo juma hili tutoke nje, tuizunguke nyumba yetu kama mgeni aionaye mara ya kwanza.

Ninyi mkaao pwani, kaskazini na kando ya Ziwa Viktoria, masika yenu huanza mwezi wa Machi na kuendelea mpaka Mei. Basi kazi hii ni ya Februari, wakati udongo ungali mkavu na jua lingalipo la kukausha. Ndugu zetu wa Dodoma, Iringa na Songea, ambao mvua yao huanza Novemba au Desemba, waifanye mwezi wa Oktoba. Atakayengoja wingu la kwanza atakandika ukuta kwa udongo usiokauka.

Anzeni juu. Kama nyumba ni ya nyasi au makuti, ingia ndani wakati wa mchana, funga mlango na madirisha, utazame juu. Kila uonapo nuru ndogo, hapo ndipo maji yatakapopita. Choma kijiti katika tundu hilo, ili mtu aliye nje apaone mahali pa kuziba. Kama nyumba ni ya bati, angalia misumari. Upepo huilegeza, na kuigonga tu hakutoshi. Ing'oe iliyolegea, upige mikubwa zaidi, na chini ya kichwa cha kila msumari uweke kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Usikanyage bati lenye kutu. Laza ubao, ukanyage ubao. Kata na matawi makavu ya mwembe au mparachichi yaliyoinama juu ya paa, kabla upepo haujayakata wenyewe.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kama shuleni. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta 1 ya mraba, hutoa lita 1 ya maji. Nyumba ya urefu wa meta 8 na upana wa meta 5 ina paa la meta 40 za mraba, bila kuhesabu upenu. Mvua ya milimita 25, ambayo wakati wa masika si ajabu, itateremsha lita 1,000 kutoka paa hilo. Ni ndoo 50 za lita 20, na zote zamwagwa miguuni pa kuta zako! Kama una mfereji wa bati na pipa, safisha majani yaliyo mferejini, uyaache maji ya mvua ya kwanza yapite na vumbi lake, kisha uteke, na pipa ulifunike. Kama huna, chimba mtaro umbali wa hatua moja au mbili kutoka ukutani, hasa upande wa mlimani, uyapeleke maji migombani. Usiyapeleke kwa jirani. Magomvi mengi ya mipaka huanza kwa mtaro.

Neno jingine, nalo labda litawashangaza akina mama. Kufagia uwanja kwa chelewa kila asubuhi ni jambo zuri, lakini kila ufagiapo waondoa udongo kidogo. Mwaka hata mwaka uwanja washuka, na msingi wabaki nje kama mizizi ya mti wa kando ya mto. Chini ya upenu, pale matone yaangukapo, msifagie. Pandeni ukoka, au mtandaze kokoto, ili matone yasirushe matope ukutani.

Tukija kwenye ukuta wenyewe, tazameni sehemu ya chini, kiasi cha goti. Hapo ndipo nyumba ya udongo hufa. Kwangueni udongo uliolegea mpaka mfike penye ugumu. Chukueni udongo wa kichuguu, mchanganye na mchanga na nyasi zilizokatwa fupi au samadi ya ng'ombe, mkande kwa maji, mwache ulale usiku mmoja. Kesho yake nyunyizeni ukuta maji ndipo mkandike, maana udongo mbichi haushiki juu ya mkavu. Ukikauka na kupasuka, mchanga ulikuwa haba, ongezeni. Zibeni nyufa zote, kwa sababu ndani yake hukaa papasi, ambao katika sehemu nyingine za nchi huleta homa ya vipindi. Msidanganyike kupaka saruji nyembamba juu ya udongo. Hubambuka, na maji yakiisha kuingia nyuma yake hayapati pa kutokea. Chokaa yafaa zaidi, ila watoto wakae mbali, maana huunguza macho.

Kama mwaona vijia vya udongo vikipanda ukutani, mchwa wanaelekea kwenye miti ya paa. Vikwangueni, mkawatazame tena baada ya siku chache. Na kuni zisiegemezwe ukutani, kwa maana hizo ndizo ngazi yao.

Habari za mbu nazo zataka kusemwa sawasawa. Majani marefu hayazai mbu. Huwapa kivuli cha kupumzika, nayo huficha nyoka na panya, kwa hiyo yafyekeni. Lakini mbu huzaa katika maji. Yule wa malaria hupenda madimbwi, hata yale ya kwato za ng'ombe na ya mashimo tuliyochimba udongo wa kujengea. Wa homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda makopo, vifuu na magurudumu yaliyotupwa. Toka yai mpaka mbu arukaye ni kama juma moja au mawili. Basi fukieni mashimo yote, na kila Jumamosi mwageni maji yaliyotuama.

Choo nacho kisisahauliwe. Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipoenea kwa redio na vikundi vya kujisomea, vijiji vingi vilichimba vyoo. Kuchimba ni mwanzo tu. Shimo lisilo na mfuniko huwalisha nzi wote wa kijiji, na lisilo na kingo za kuzuia maji hujaa mara mvua inyeshapo, uchafu ukateremka mpaka kisimani.

Ndugu zangu, sisemi haya kwa ajili ya urembo. Katika jumuiya moja ya parokia hii mama mjane alikaa na wajukuu watatu. Chini ya ukuta wake wa magharibi palikuwa pameliwa na maji misimu mitatu, hata fito zikaonekana. Watu walipita hapo kila Jumapili wakienda Misa, na zamu ya jumuiya ilipofika walisali uwanjani pake, wakiutazama ukuta ule. Usiku mmoja wa Aprili ukaanguka. Kwa neema ya Mungu watoto walilala upande wa pili. Lakini mahindi ya mwaka mzima yalilowa. Asubuhi wakaja vijana kumi na wanane wenye majembe, wakafanya kazi siku tatu. Walifanya vyema. Lakini mwezi wa Februari kazi hiyo ingetaka watu wawili na asubuhi moja.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu yake, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Yaani mwenye nyumba ataulizwa pia habari za nje.

Basi nawapa shauri la Jumamosi tatu. Ya kwanza, paa na matawi. Ya pili, mtaro, madimbwi na choo. Ya tatu, kukandika. Na hapo, akina baba, msiwaachie akina mama peke yao. Na kabla ya hizo tatu, viongozi wa jumuiya wazunguke kijijini, waandike nyumba za wajane, wazee na wagonjwa. Mara nyingi Kwaresima huja karibu na siku hizo, nasi hutafuta tendo la huruma la kutimiza. Mahali pengine halihitaji fedha. Lahitaji jembe, ndoo mbili za udongo, na mtu aliyeuona ufa akasimama.

Mungu azilinde nyumba zenu. Tutaonana juma lijalo.