Mpeni kijana wa Bwera kalamu achore

Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, lugha huvuka mpaka wa Uganda na Kongo pamoja na magunia. Kijana wa bodaboda kutoka Bwera humwamkia mama yake kwa Kikonzo, humtania mwenzake kwa Kiluyaaye, lugha ya mitaani ya Kampala, kisha hupatana nauli na abiria wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kwa Kiswahili cha Kongo, ambacho "asante" yake ni "aksanti". Kwake hakuna ajabu. Ndivyo watu wanavyoishi.

Kasese, wilaya ilipo Bwera, nayo ilianza kuchanganya lugha zamani. Reli ilifika 1956 kufuata shaba ya Kilembe, na wachimbaji wakaja na lugha za kwao.

Ajabu ni kwamba mtu mzima akitaka kumwonya kijana huyu, huandika bango la lugha ya ofisini na kulibandika ukutani. Kijana hulipita.

Wakenya walijaribu njia nyingine. Februari 2010 walianzisha Shujaaz, jarida la vibonzo kwa Sheng, lugha ya mitaani ya vijana, likagawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na kazi anayerusha redio ya kificho kutoka chumbani kwake. Wasomaji walimwandikia kama rafiki, na kutokana na ujumbe wao waandaaji wakajua vijana wanahangaikia nini na wanakitajaje. Mwaka 2012 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Siri ya jarida hilo ni kiputo cha maneno. Ni kidogo, hakibebi hotuba. Neno la uongo likiingia humo, msomaji wa miaka 16 hucheka mara moja. Picha nayo haisamehe: mchoraji lazima ajue nywele zinanyolewaje mwaka huu na abiria wangapi hupakiwa kwenye pikipiki moja. Asiyewasikiliza vijana hawezi kuwachora.

Bwera inalijua hitaji la kusema kwa lugha inayoeleweka kuliko miji mingi. Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo, ujumbe mmoja wa tahadhari ulipaswa kueleweka haraka na bibi anayezungumza Kinande cha upande wa Kongo na msichana wa sekondari.

Wapo walimu watakaosema vibonzo vitaharibu lugha. Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Mpondwe tayari anacho cha sokoni. Kumwambia kwamba si lugha ni kumfukuza mlangoni. Kichorwe kwanza, kisha mwalimu aonyeshe kinavyotofautiana na cha kitabuni.

Gharama si kubwa: karatasi, penseli na ukurasa mmoja kila mwezi. Shule na redio za Kasese zianze na hilo, na vijana wajaze viputo wenyewe kabla mtu mzima hajashika kalamu nyekundu.