Chelewa Chelewa, Utakuta Ardhi si Yako



Katika vigango vyetu, kuanzia Basotu hadi Dongobesh, kuna neno moja ambalo kila mwenye shauri la ardhi amelisikia hadi limemchosha: "Subirini, suala liko mahakamani." Husemwa ofisini, husemwa katika mkutano wa kijiji, na, tukiri mbele ya Mungu, husemwa hata mlangoni pa kanisa na sisi mapadre wenyewe, tunapoona haya kusema kwamba hatujui la kufanya. Neno hilo lina sura ya heshima kwa sheria. Anayelipinga huonekana mkorofi.

Sisi tunalipinga. Hatuipingi mahakama, wala hatumfundishi mtu kujichukulia sheria mkononi. Tunapinga mahakama kufanywa kabati la kufungia madai ya wanyonge, huku mwenye nguvu akiendelea kulima nje ya kabati hilo. Wahenga walituachia methali mbili. Ya kwanza yasema subira yavuta heri. Ya pili yasema chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Tumezoea kuwahubiria maskini ile ya kwanza. Leo twaomba tuitafakari ile ya pili, kwa kuwa historia ya wilaya zetu za Hanang na Mbulu imeithibitisha.

Tuanzie kwenye tambarare za Basotu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha huko mashamba makubwa ya ngano, na kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Kanada iliyasaidia kwa fedha, mitambo na wataalamu. Mashamba yalizidi kuongezeka hadi yakawa saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Nchi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, waliokuwa wakihamisha mifugo kwa majira, kutoka malisho haya hadi yale, kwa utaratibu uliosimamiwa na wazee wao. Malisho bora kuliko yote, yale wayaitayo muhajega, ndiyo yaliyokuwa na udongo uliotamaniwa na trekta. Humo pia mlikuwa na bung'ed, yaani vilima vya makaburi ambamo wazee wao wenye heshima huzikwa kwa ibada inayochukua miezi mingi.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, pamoja na wanakijiji 67, ilifungua kesi dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu mjini Arusha. Mahakama Kuu iliwapa haki. Shirika likakata rufaa, na katika rufaa ya mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa mujibu wa sheria, na kwamba wanakijiji waliodai haki ya kimila hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana iliyokusudiwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Fikirini jambo hilo, ndugu zetu. Sheria iliyotungwa na wakoloni ndiyo iliyotumika kumwuliza mtu, juu ya kaburi la babu yake, athibitishe kwamba ni mwenyeji.

Lakini hatutaki leo kubishana na hukumu yenyewe. Twataka tutazame yaliyotokea kati ya siku ya kufungua shauri na siku ya kulimaliza. Je, trekta lilisubiri? Halikusubiri. Kila msimu lilipita. Njia za mifugo kwenda majini na kwenye chumvi zilifungwa, na mchungaji aliyepita alipopita baba yake alikamatwa kwa kosa la kuingia katika shamba bila ruhusa. Vilima vya makaburi vililimwa. Ni mahakama gani itakayotoa amri ya kurudisha kaburi lililokwisha kusawazishwa na kupandwa ngano? Kuna madhara ambayo hukumu njema ikichelewa haiwezi tena kuyaponya. Ndiyo maana twasema kwamba kuchelewesha si kusubiri hukumu. Kuchelewesha kwenyewe ni hukumu, nayo siku zote humwendea yule ambaye tayari amekalia kinachogombewa.

Tena wakati wa kusubiri huweza kutumiwa kuibadili sheria yenyewe. Mwaka 1987, Tangazo la Serikali Namba 88 lilifuta haki za ardhi za kimila katika vijiji vilivyotajwa vya Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulizijumuisha wilaya zetu. Mwaka 1988 wazee sita wa Kibarabaig walifungua kesi nyingine kuhusu shamba la Gawal. Mwaka uliofuata, kesi hiyo ikiwa bado inangoja, ikatoka amri nyingine iliyogusa ardhi ya mashamba ya ngano ya Hanang. Yaani mtu yuko njiani kwenda kudai haki yake, na nyuma yake haki hiyo inafutwa kwa kalamu! Kesi ile nayo haikuwarudishia malisho yao.

Msidhani kwamba hayo yaliwapata wafugaji peke yao. Huko Kambi ya Simba, katika Mbulumbulu, kabla Karatu haijatengwa na Wilaya ya Mbulu, baba mmoja na mwanawe walifungua shauri mwezi Januari 1987 katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha, wakidai shamba la ukoo. Walishinda, na wakarudishiwa shamba. Rufaa dhidi yao ilipokuwa bado inangoja Mahakama Kuu, Bunge lilitunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji, ikazuia fidia, na ikawafungia wananchi mlango wa mahakama ya kawaida, hata kwa mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Hayo yalitendeka wakati Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, imekwisha kukusanya malalamiko ya wananchi nchi nzima na kukabidhi taarifa yake mwaka huohuo.

Baba yule na mwanawe hawakukaa nyumbani kusubiri. Waliishtaki sheria yenyewe. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, ilitamka kwamba haki ya kukalia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba, kwamba hairuhusiwi kuichukua bila fidia ya haki, na kwamba haifai kumzuia mwananchi asifike mahakamani. Uamuzi huo ulitokana na wakulima wa huku kwetu, nao hufundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Lakini hesabuni: kutoka Januari 1987 hadi Desemba 1994 ni karibu miaka minane, kwa watu ambao walikwisha kushinda mara ya kwanza.

Yupo atakayetujibu kwamba mahakama zina mashauri mengi na mahakimu wachache, na kwamba haki yataka uangalifu, kwani hukumu ya haraka yaweza kumwangamiza asiye na kosa. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi twaiheshimu. Jaji anayechukua miezi kupima ushahidi hatumlaumu. Tunayemlaumu ni yule anayeomba shauri liahirishwe kwa mara ya kumi kwa sababu wakili wake hakufika, akijua wazi kwamba mdai ametoka Katesh alfajiri kwa basi, zaidi ya kilomita 200 hadi Arusha, na kwamba nauli yake imetokana na kuuza mbuzi. Kesi "inakuja kwa kutajwa", inatajwa, inapangiwa tarehe nyingine ya kutajwa. Mbuzi wanakwisha, mashahidi wazee wanazikwa mmoja baada ya mwingine, na mwishowe mdai haonekani, shauri linafutwa kwa kutofika kwake. Je, huo ni uangalifu?

Mwingine atasema kwamba taifa lilihitaji ngano. Hatukatai kwamba taifa lahitaji chakula. Lakini kama haja ya taifa ilikuwa ya kweli na ya haki, ingeweza kusimama mbele ya jaji mapema na kulipa fidia mapema. Haja inayohitaji kucheleweshewa hukumu ili itimie ni haja inayojua moyoni kwamba ingeshindwa. Na mkate wenyewe ulikuwa wa nani? Ngano ilisafiri kwenda mijini. Mashamba yale yalihitaji misaada mingi ili yaende, na Kanada ilipojiondoa mwaka 1993 yalianza kudhoofika. Baadaye serikali iliamua kuyaachia, sehemu ikagawiwa wanavijiji na sehemu ikaenda kwa wawekezaji. Waliofungua shauri mwaka 1981 wakiwa na mvi hawakungojwa na miaka yote hiyo.

Sheria yenyewe sasa inakiri ubaya tunaousema. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini wananchi waliambiwa wangoje hadi Machi 1988 ndipo waweze kuzidai mahakamani: hata haki ya kudai haki ilicheleweshwa! Mwaka 2000 Katiba ilirekebishwa, na Ibara ya 107A ikaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi wala zisifungwe mno na masharti ya kiufundi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, imeipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati ya serikali. Hizo ni silaha njema. Hata hivyo mwaka 2020 sheria ya kudai haki za msingi ilirekebishwa, ikamtaka anayeipinga sheria kinyume cha Katiba aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa hiyo mlango umewekewa kizingiti kipya, na jirani mwenye elimu atapata taabu kumsemea jirani asiye nayo. Ndiyo sababu aliyeathirika mwenyewe hana budi kusaidiwa asimame.

Hapa twapaswa kujigeukia. Wengi wetu tusomao kurasa hizi ni wakulima, na wengi ni Wairaqw. Wabarabaig tumewaita kwa muda mrefu Wamang'ati, jina litokanalo na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Trekta lilipopita juu ya makaburi yao, wangapi kati yetu walisema, "Afadhali, hao ni wahamaji tu"? Wangapi walipata ekari mbili za pembeni, wakanyamaza? Kisha sheria ya 1992 ikamfikia mkulima wa Mbulumbulu, tukagundua kwamba kalamu ifutayo haki ya mfugaji haiulizi kabila inapofika kwa mkulima. Nabothi hakuuawa gizani na mnyang'anyi. Aliuawa kwa barua zenye muhuri, kwa baraza la wazee na mashahidi wawili wa uongo, na mji mzima ukitazama. Tusiwe mji ule.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila jumuiya yenye mwanajumuiya mwenye shauri la ardhi, awe Mkristo au asiwe, iwe na daftari. Humo ziandikwe tarehe zote: siku ya kufungua, siku za kutajwa, nani aliomba kuahirisha na kwa sababu gani. Daftari hilo mkalipeleke kwa hakimu mfawidhi kwa adabu. Pili, asiende mtu peke yake mahakamani. Wawili wamsindikize, na nauli ichangwe kama tuchangavyo msiba. Tatu, ushahidi wa wazee uandikwe mapema, wangali hai. Nne, siku ya kufungua shauri iombwe pia amri ya zuio la muda, ili kinachogombewa kisiguswe hadi hukumu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, basi tuwatafute. Tano, mgogoro ukianza, upelekwe upesi, kwani dai la ardhi likipita miaka kumi na miwili sheria hulifungia mlango. Baraza la Kata tulitumie kupatanisha, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kazi yake ni usuluhishi. Lakini usuluhishi wa kumchosha mnyonge tuukatae.

Na anayetuambia tusubiri kwa sababu suala liko mahakamani tumjibu kwa upole: "Vema, na trekta nalo lisubiri." Asiyeweza kukubali hilo hazungumzii subira. Anazungumzia ushindi wake.

Bwana wetu alisimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Hakumsifu kwa kukaa nyumbani akingoja tarehe. Alimsifu kwa kurudi, na kurudi tena, hadi kadhi yule akachoka kabla yake. Wajane wa namna hiyo tunao Basotu, tunao Mbulumbulu, tunao katika kila kigango. Juma hili, baada ya Misa, tumwulize mmoja wao tarehe yake ya mahakama ni lini, kisha tuiandike.