Bahari Ndani ya Kioo



Mama mmoja ameniandikia juu ya jambo lililowagawa watu wa nyumba yake. Wanawe waliona katika ukumbi wa hoteli tangi kubwa la kioo lenye maji ya bahari, ndani yake mawe, matumbawe hai na samaki wa kila rangi, na tangu siku hiyo hawana wimbo mwingine. Baba hapingi. Kauli yake ni kwamba bahari haiko mbali na mlango wao. Basi na wanunue tangi, washuke pwani na ndoo na wavu maji yakipwa, na kabla ya magharibi kazi itakuwa imekwisha. Mama anauliza mawili. Je, yafaa kumfungia kiumbe wa bahari sebuleni? Na je, ndoo na wavu vyatosha?

Swali la kwanza halina urefu. Wanazuoni walipozungumzia kufuga ndege na mfano wake kwa kuliwaza nafsi, walitaja habari ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kidege chake, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimtania kwacho kwa upole. Iko pia habari ya mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Ruhusa imesimama kati ya habari hizi mbili: kufuga kwafaa kwa mwenye kutekeleza haki ya anayefugwa. Kwa hiyo swali la pili ndilo lenye uzito, kwani samaki wa mwambani ana haki ambazo mtu hazijui kwa kumtazama tu.

Na jibu la swali hilo la pili ni la, havitoshi. Samaki atakayetiwa katika tangi jipya alasiri ya Jumamosi yamkini ataonekana mzima Jumapili na Jumatatu, kisha ikifika Alhamisi akaelea ubavu. Watoto watadhani ameugua. Ukweli ni kwamba ameuawa na taka zake mwenyewe.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake, na amonia ni sumu kwake. Baharini maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na taka ya samaki mmoja katika wingi ule haihesabiki. Ndani ya kioo hakuna kujaa wala kupwa. Kinachomwokoa samaki humo ni bakteria wa namna mbili wakaao juu ya mawe na mchanga: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ina sumu, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo zaidi na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa hawanunuliwi wakawa wengi siku hiyo hiyo. Huongezeka polepole, aghalabu kwa wiki 4 hadi 6, na wakati mwingine zaidi.

Maana yake ni kwamba familia itakaa mwezi na ushei na tangi lenye maji, mawe, mchanga na pampu inayozunguka, bila samaki hata mmoja. Hutiwa kipande kidogo cha nyama ya kamba kioze humo, ili bakteria wapate chakula. Kisha hupimwa maji kwa vile vichupa vya dawa vinavyogeuza rangi: amonia itapanda, halafu ishuke; nitriti itapanda, nayo ishuke. Siku zote mbili zitakaposoma sifuri, na nitrati ikaonekana, tangi limekuwa tayari. Wapeni watoto daftari waandike vipimo kila baada ya siku mbili. Mtoto aliyeyasubiri maji kwa wiki 6 na kuyaandika hatatia mkono ovyo ndani yake baadaye. Na ikiwa nyumba nzima haiwezi subira hiyo, ni afadhali ijulikane mapema, kabla ya kiumbe yeyote kuletwa.

Sasa tangi lenyewe. Wengi hudhani kuanza na dogo ni wepesi, ilhali maji machache huharibika upesi: joto hupanda kwa saa moja, na samaki mmoja akifa usiku asubuhi wote wamedhurika. Tangi la urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 50 hubeba lita 250, nalo ni la kiasi kwa familia. Lakini lita 250 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 256 hivi, na ukiongeza kioo na mawe umepita kilo 300. Meza ya televisheni haihimili. Itakiwe meza ya mbao nene au chuma, juu ya sakafu iliyo sawa, mbali na dirisha, kwa maana jua la moja kwa moja hupasha maji na kuotesha mwani wa kijani hadi kioo kisipitishe jicho.

Katika suala la joto, sisi wa pwani tumetofautiana na vitabu vya ughaibuni. Mwandishi wa Ulaya hutumia kurasa nyingi kueleza namna ya kuyapasha maji; kwetu taabu ni kuyapoza. Matumbawe na samaki wake hustarehe kati ya nyuzi 24 na 27, na sebule ya Mombasa mwezi wa Machi hupita 30 kwa urahisi. Asidhani mtu kwamba nyuzi mbili ni jambo dogo. Mwaka 1998 bahari yetu ilipata joto la ziada la kiasi kama hicho kwa majuma kadhaa, na matumbawe ya pwani yetu yakapauka, mengi yakafa. Mashine ya kupoza maji ipo, ila bei yake ni kubwa. Njia ya mtu wa kawaida ni kuacha tangi wazi juu na kuelekeza feni ndogo kwenye uso wa maji. Mvuke unaotoka huchukua joto, na maji hushuka nyuzi mbili au tatu.

Lakini feni ina hesabu yake. Kinachotoka kwa mvuke ni maji matamu peke yake, chumvi yote hubaki. Baada ya siku chache maji yamepungua na ukali wa chumvi umezidi, na mkaazi wa pwani, kwa kuwa bahari iko karibu, huenda akachota ndoo ya maji ya bahari na kujaza pengo. Afanyapo hivyo ameongeza chumvi juu ya chumvi. Pengo la mvuke hujazwa kwa maji matamu, kila siku, kidogo kidogo. Maji ya bahari hutumika pale tu unapoondoa maji ya zamani kwa kuyabadilisha, na asilimia 10 kwa wiki yatosha. Kipimo cha kushika ni gramu 35 za chumvi katika lita moja, au 1.025 hadi 1.026 katika hidromita. Maji ya visima vyetu hayafai kwa kujazia, kwani mengi yana chumvi zake na yamekaribiana na mashimo ya vyoo. Ya mfereji yana klorini. Yanunuliwe yale yaliyochujwa kwa mashine, yauzwayo mitaani kwa mtungi wa lita 20.

Maji ya bahari yenyewe pia huchaguliwa. Yasichotwe bandarini Kilindini wala ndani ya vijito vya Tudor na Mtwapa, wala karibu na mabomba ya majitaka, wala baada ya mvua za masika. Watu wa Malindi wanajua jinsi mto Sabaki unavyoigeuza bahari kuwa rangi ya udongo msimu wa mvua. Mwenye jamaa mvuvi amwombe amchotee nje ya mwamba, maji yakijaa, katika mitungi isiyowahi kutiwa mafuta wala sabuni. Asiye na jamaa huyo atanunua chumvi maalumu ya matangi na kuichanganya na maji yaliyochujwa. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa bahari si chumvi ya chakula peke yake, ina kalsiamu, magnesi na madini mengine ambayo viumbe wake huyahitaji.

Katika mawe tuna neema. Mapema miaka ya 1960 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, alieleza namna alivyofuga samaki wa mwambani kwa mawe yaliyotoka baharini yakiwa na uhai wake, maji ya bahari na viputo vya hewa tu, na njia hiyo ikawa msingi wa mengi yaliyofuata. Lakini siku hizi hakuna haja ya kung'oa jiwe baharini. Jiwe la matumbawe la machimbo, lile lile lililojengewa nyumba za Lamu na Mji wa Kale, ni mwamba wa kale uliokauka juu ya nchi kavu. Lioshwe hadi udongo uishe, liloweshwe wiki kadhaa huku maji yakibadilishwa, na bakteria watahamia humo wenyewe. Lisitolewe katika ukuta uliobomolewa wenye chokaa, saruji na rangi.

Na hapa nimjibu baba kuhusu wavu wake. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ya Mombasa mwaka 1986. Ndani yake huruhusiwi kuchukua samaki, kombe wala jiwe. Nje ya hifadhi, biashara ya samaki wa mapambo ina leseni zake, nasi ni miongoni mwa nchi zinazowauza ng'ambo. Mnunue kwa mwenye leseni, na mwulizeni samaki ameshakaa kwake siku ngapi na anakula nini. Ombeni alishwe mbele yenu. Samaki asiyekula dukani hataanza kula kwenu.

Uchaguzi wa samaki ndio mlango wa majuto kwa wengi, kwa sababu uzuri hudanganya. Kitatange hupendwa na kila mtoto, lakini aina nyingi za jamii yake hula matumbawe hai na hufa njaa zikipewa chakula kingine. Pono huguguna mwamba mchana kutwa na hukua wakawa wakubwa. Kangaja ni muogeleaji, na mita moja ya kioo kwake ni chumba cha mfungwa. Mkunga atawala wenzake. Wanaofaa ni wadogo wenye makao finyu hata huko baharini: jozi moja ya wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao watoto wamewajua kwa filamu ya Nemo ya mwaka 2003, na ambao huzalishwa na wafugaji na hawahitaji anemoni ili waishi. Waongezewe wengine wawili au watatu wadogo wapole, basi. Wanne au watano katika lita 250 wanatosha. Hutangulia konokono na kaa wadogo wakaao ndani ya makombe, ambao hula mwani, kisha samaki mmoja mmoja kwa nafasi ya wiki mbili au tatu, na mgomvi awe wa mwisho ili asikute pa kumiliki. Kila mgeni akae kwanza katika tangi la pembeni wiki 4, kwani maradhi ya madoa meupe yakiingia katika tangi kuu, dawa zenye shaba zinazoyatibu huua konokono, kaa na matumbawe.

Matumbawe nimeyaacha nyuma kwa makusudi. Rai yangu ni kwamba mwaka wa kwanza tangi la nyumbani lisiwe nayo. Tumbawe ni mnyama, ana kinywa na vikono, na ndani ya mwili wake hukaa mwani mdogo sana unaomgawia chakula kutokana na mwanga. Ndiyo sababu hutaka taa kali maalumu saa 8 hadi 10 kwa siku, mkondo wa maji usiokoma, na, kwa yale magumu, kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 katika lita. Isitoshe, biashara yake baina ya nchi iko chini ya mkataba wa CITES. Atakayewauzia bila karatasi, mwacheni na bidhaa yake.

Yako mengine mawili ya nyumba zetu. Umeme ukikatika pampu husimama, na maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Kwa hiyo pampu ndogo ya hewa inayotumia betri inunuliwe siku ile ile ya kununua tangi, isisubiriwe. Na dawa ya mbu ya kupuliza isitumiwe kabisa katika chumba hicho, kwa maana kiasi kidogo mno huua kaa na samaki.

Samaki aliyewachosha msimtupe baharini, hata kama mnaona mnamrudisha kwao, maana yamkini ametoka bahari nyingine au amebeba maradhi. Yule samaki wetu mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu hakuwapo pwani za Marekani. Alionekana Florida mwaka 1985, inasadikiwa kwa kuachiliwa na wafugaji, na leo anamaliza samaki wadogo hadi visiwa vya Karibiani. Mrudisheni kwa aliyewauzia.

Mama ameuliza pia, mwisho wa barua yake, itakuwaje wakisafiri kwenda Lamu wakati wa Maulidi. Samaki wazima huvumilia siku mbili tatu bila chakula. Feni na mvuke havivumilii. Mwachieni jirani ufunguo na mitungi miwili ya maji yaliyochujwa, mtie alama kwenye kioo mahali maji yanapopaswa kufika, na chakula mkigawe kabisa katika vikaratasi, kimoja kwa kila siku, kopo lenyewe mlifungie kabatini. Jirani mwema huona samaki wana njaa kila anapowatazama.